Mlango wa Mipangilio: Historia ya Njia za Mkato katika Kompyuta

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Musoma, Bunda na Butiama

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kwamba kiongozi wa darasa ameiweka redio mahali ambapo hata wale wa nyuma wasikia. Toeni madaftari na kalamu. Kama darasa lenu lina kompyuta, iwasheni. Kama hamna, simu ya kioo yatosha. Na kama hamna hata simu, msifadhaike. Somo la leo ni la historia, na historia yaanza kwa masikio.

Katika somo lililopita tulijifunza kuwasha kompyuta na kuizima. Leo twauliza swali moja. Mtu akitaka kuibadili mashine yake, kwa mfano maandishi yawe makubwa, sauti ipungue, au saa isahihishwe, apite mlango gani? Na je, iko njia ya mkato ya kuufikia mlango huo?

Kwanza nitakueleza kwa nini jambo hili si dogo.

Siku moja nilikuwa mjini Musoma, katika kibanda cha fundi simu. Akaja mama mmoja auzaye dagaa. Simu yake ilikuwa imenyamaza, haiiti tena. Wateja wake wa Bunda walimpigia, naye hakusikia. Dagaa zikakaa, bei ikashuka. Kijana aliyekuwa pale akaichukua simu, akaigeuza upande ili mama asione, akagusa mara mbili tatu, akamrudishia. Simu ikaita. Mama akalipa, akaenda zake. Baada ya juma moja akarudi na ugonjwa ule ule. Safari hii kijana alikuwa na haraka. Akaifuta simu nzima, ikawa kama siku ilipotoka dukani. Majina ya wateja, namba zao, picha za mjukuu, vyote vikaenda. Na mama akalipa tena.

Ugonjwa wa simu ile ulikuwa nini? Kidole cha mtoto kilikuwa kimegusa alama ya kuzima mlio. Dawa yake ni kugusa mara moja tu. Yule mama hakukosa akili. Mtu awezaye kuhesabu ndoo mia za dagaa kwa kichwa ana akili nyingi. Alikosa kuonyeshwa mlango.

Mnaikumbuka habari ya barua. Zamani mtu asiyejua kusoma alipopata barua alimpelekea jirani amsomee. Deni lake, ugonjwa wake, ugomvi wa nyumbani kwake, jirani alivijua kabla yake mwenyewe. Ndiyo maana wazee wetu walikwenda kisomoni jioni, mikono ingali na udongo wa shamba. Hawakutaka kusomewa maisha yao na mtu mwingine. Leo mashine ni kama barua ile. Ukiitoa mkononi ili ifunguliwe na mwingine, umempa na yaliyomo.

VIFUNDO VYA REDIO

Sasa tuanze na kitu mkijuacho. Tazama redio ya zamani. Mbele yake ina vifundo. Hiki ni cha kupandisha na kushusha sauti. Kile ni cha kutafuta stesheni. Pale ipo swichi ya kuchagua masafa mafupi au masafa ya kati. Vifundo vyote vipo usoni pa redio, na kila kifundo kina kazi moja. Mtoto wa miaka sita atavijua siku moja.

Kompyuta si hivyo. Ina mambo mamia ya kubadilishwa: mwanga wa skrini, ukubwa wa herufi, lugha, saa, mausi, printa, intaneti, neno la siri, na mengine. Kama kila jambo lingekuwa na kifundo chake, kompyuta ingejaa vifundo kama dagaa kwenye wavu, na hakuna mtu angeweza kuitumia. Basi mafundi wakaviondoa vifundo usoni pa mashine, wakaviweka ndani, katika chumba kimoja kisichoonekana. Chumba hicho chaitwa Mipangilio.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kitu kikiwa ndani lazima pawe na mlango. Mlango ukiwa mbali, watu hutafuta njia ya mkato. Historia ya njia hizo ndiyo somo letu.

WAYA NA SWICHI

Kompyuta moja mashuhuri ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwezi wa Februari mwaka wa 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, Marekani. Iliitwa ENIAC. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, ikajaza chumba kikubwa. Haikuwa na skrini wala kibodi. Mtu aliyetaka kuibadilisha kutoka kazi moja hadi nyingine alichomoa waya na kuzichomeka mahali pengine, akageuza swichi moja moja. Kazi ya hesabu ilikwisha kwa sekunde chache, bali kuipanga mashine kulichukua siku nyingi. Waliofanya kazi hiyo mwanzoni walikuwa wanawake sita, mafundi wa hesabu. Kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa kama ilivyopasa.

Angalia jambo hili. Mashine ilikuwa na mbio, lakini mlango wake ulikuwa mzito. Tangu siku hiyo hata leo, mafundi wamekuwa wakihangaika si kuongeza mbio tu, bali kuufanya mlango uwe mwepesi.

KOMPYUTA YA HAZINA

Je, sisi Tanzania tuliiona lini kompyuta? Mwaka wa 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza. Mashine za namna ile zililishwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Tundu hapa lilikuwa na maana hii, tundu pale lilikuwa na maana ile. Raia wa kawaida hakuikaribia. Hata karani wa Hazina hakuweza kuigusa bila fundi wake.

Zilifuata mashine nyingine, na wataalamu wa kuziendesha wengi wao wakitoka nje. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Fedha nyingi zilitumika, na faida ikawa ndogo. Basi mwaka wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo miaka ya baadaye.

Mwaka ule ule wa 1974, mwezi wa Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa Musoma, ikatoa Azimio la Musoma. Katika azimio hilo iliamuliwa kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote upesi, ifikapo mwaka wa 1977, bila kungoja miaka mingi kama ilivyokuwa imepangwa mwanzo. Ndiyo kusema, katika mwaka mmoja nchi yetu ilifunga mlango wa kompyuta, ikafungua mlango wa darasa.

Wengine huicheka marufuku ile. Mimi sitaki uicheke wala uisifu bila kufikiri. Yako makosa mawili ya kuyatazama. Kosa la kwanza ni kununua mashine ambayo mwenye nyumba hajui mlango wake wa ndani. Mashine ya namna hiyo ni ya fundi, hata kama fedha ni zako. Kosa la pili ni kuifungia nje mashine badala ya kujifunza, maana wenzako hawatakungoja. Nchi yetu iliyaonja yote mawili.

Na wakati huo huo watu wa kanda hii walikuwa wakijifunza. Tangu mwaka wa 1968 mikoa ya Ziwa, na Mara ukiwamo, ilikuwa na mpango mkubwa wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO. Wakulima walisoma katika vitabu vya pamba, wavuvi katika vitabu vya samaki. Kila mtu alianza na kazi aijuayo. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka wa 1973 watu wengi nchini walikaa kuizunguka redio, kama mnavyokaa ninyi sasa, wakisikiliza masomo ya afya yaliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa hesabu za Serikali, mwaka wa 1975 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 39 katika kila 100, na mwaka wa 1986 walipungua chini ya 10 katika kila 100. Kumbe watu wazima huweza kujifunza jambo jipya, na kwa wingi.

BATANI MBILI KWA PAMOJA

Turudi kwenye mashine. Njia za mkato za kompyuta zina mzazi, na mzazi huyo ni mashine ya taipu. Wengi wenu mmewahi kuiona katika ofisi ya zamani. Mwaka wa 1878 ilitoka taipu ya Remington namba 2, yenye batani ya Shift. Kabla yake, mashine ya taipu ya kampuni hiyo iliandika herufi kubwa tu. Kwa Shift, batani moja ikapata kazi mbili: ukiipiga peke yake, herufi ndogo, ukishika Shift kwanza, herufi kubwa. Fikira hii ni ndogo, nayo ina nguvu nyingi. Shika moja, piga nyingine.

Kompyuta zilipopata kibodi, fikira ile ile ikaendelea. Pamoja na Shift zikawekwa batani nyingine za kushika, kama ile iliyoandikwa Ctrl na ile iliyoandikwa Alt. Peke yake batani hizi mara nyingi hazifanyi neno. Zikishikwa pamoja na herufi, ni amri.

Mwaka wa 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya mezani kwa watu binafsi na ofisi ndogo. Fundi wake mmoja, David Bradley, alichoka kuzima na kuwasha mashine kila ilipokwama. Akapanga batani tatu, Ctrl, Alt na Delete. Zilipobonyezwa kwa pamoja mashine ilianza upya. Alizichagua makusudi kwa sababu ziko mbali mbali, ili mtu asizibonyeze kwa bahati mbaya. Njia hiyo ilikuwa ya mafundi wenyewe, lakini ikatoka nje, ikajulikana dunia nzima.

Bali mipangilio ya mashine zile ilikuwa bado migumu. Hapakuwa na picha. Mtu aliandika amri kwa herufi, tena kwa Kiingereza, na baadhi ya mipangilio iliandikwa katika faili moja. Ukikosea mstari mmoja, huenda mashine isiwake tena. Kwa hiyo mlango ulikuwa wa maneno, na asiyejua maneno alibaki nje.

KOBE NA SUNGURA

Tarehe 9 Desemba mwaka wa 1968, mjini San Francisco, Marekani, mtaalamu Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kifaa kidogo chenye magurudumu chini yake. Ukikisogeza juu ya meza, alama yasogea kwenye skrini. Ndicho kinachoitwa mausi, na kwa Kiswahili wengine husema kipanya. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa kampuni ya Xerox waliendeleza fikira hiyo, wakaweka picha, madirisha na orodha za kuchagua. Mtu hakuhitaji tena kukumbuka amri. Alitazama na kuchagua.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1984 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta iliyoitwa Macintosh. Ndani yake palikuwa na ubao mdogo wa mipangilio. Picha zake zilichorwa na Bibi Susan Kare. Sasa sikiliza alivyofanya. Palipotakiwa kuchagua mbio, hakuandika maneno marefu. Alichora kobe na sungura. Kobe ni polepole, sungura ni upesi. Ubao mzima karibu haukuwa na neno hata moja.

Sisi tuliokua tukisimuliwa hadithi za sungura na kobe tungeuelewa ubao ule bila mwalimu! Hiyo ndiyo heshima ya kumfikiria mtu asiyesoma lugha yako.

Lakini mausi nayo ina ubaya wake. Ukitaka jambo lililo ndani, wabofya hapa, kisha pale, kisha pale tena. Ni kama mtu atokaye Bunda kwenda Butiama akilazimishwa kufika kwanza Musoma mjini na kurudi. Atafika, ila atachoka. Basi mafundi wa Apple wakafanya jambo la busara. Katika orodha ya kazi, kando ya jina la kazi, wakaandika na batani zake za mkato. Mtu ajifunzaye apite njia ndefu kwa mausi. Kila apitapo aione njia fupi imeandikwa. Siku moja ataizoea. Hivyo mashine yenyewe yawa mwalimu. Hata leo, ukifungua orodha nyingi za kompyuta, tazama upande wa kulia. Utaona herufi zimeandikwa pale, nazo hazikuwekwa kwa mapambo.

BATANI YENYE DIRISHA

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1985 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows ya kwanza, nayo ilikuwa na ubao wake wa kudhibiti mashine. Mwaka wa 1994 kampuni hiyo ilitoa kibodi yenye batani mpya, iliyochorwa dirisha. Na tarehe 24 Agosti mwaka wa 1995 ilitoka Windows 95, iliyofanya batani hiyo ienee. Tazama kibodi ya darasa lenu, chini upande wa kushoto, karibu na Alt. Umeiona? Hiyo ndiyo yenyewe. Wengi huidhani ni pambo.

Mwaka wa 2012, katika Windows 8, mlango ulihamishwa. Mipangilio mingine ikaanza kutolewa katika ubao wa zamani na kupelekwa katika chumba kipya, na mingine ikabaki kule kule. Hata watu waliozoea kompyuta miaka mingi walipotea, kama mtu arudiye kijijini akute njia imelimwa mihogo. Lakini wakati huo huo ilitolewa njia ya mkato: shika batani ya dirisha, bonyeza herufi I. Katika Windows 10 ya mwaka wa 2015, na Windows 11 ya mwaka wa 2021, batani hizo mbili hufungua Mipangilio moja kwa moja. Mlango ulihamahama, njia ya mkato haikuhama.

KISWAHILI CHAINGIA

Je, chumba hicho kimeandikwa kwa lugha gani? Kwa miaka mingi kilikuwa cha lugha za wengine. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi iliyoitwa Kilinux, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisi zilizoandikwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatoa programu zake kwa Kiswahili.

Kazi haikuwa rahisi. Kila neno lilitafutiwa jina. Wengine wakasema tarakilishi, wengine ngamizi. Mtaani neno kompyuta limeshinda. Lakini neno Mipangilio lilikubalika, na leo walisoma katika simu nyingi za Kiswahili. Ni neno jema, maana latoka katika kupanga. Mtu hupanga nyumba, hupanga biashara, na sasa hupanga mashine yake.

Faida yake ni hii. Siku hizi katika mashine nyingi njia fupi kuliko zote ni kutafuta kwa kuandika. Ikiwa mashine yako imewekwa Kiswahili, huhitaji kukumbuka chumba kiko wapi. Waandika neno "sauti", nayo yakuletea sauti. Hapo ajuaye kuandika anao ufunguo mkononi. Kumbukeni: miaka ya 1980 mlango ulikuwa wa maneno, ukawatupa watu nje, leo mlango ni wa maneno tena, lakini maneno ni yetu.

SIMU MKONONI

Mwezi wa Julai mwaka wa 2009 waya mkubwa wa chini ya bahari, uitwao SEACOM, ulianza kazi na kufika Dar es Salaam, na intaneti ikawa na mbio zaidi. Kwa watu wengi wa Mara, kompyuta ya kwanza waliyoishika haikuwa ya mezani, ilikuwa simu.

Simu nayo ina njia zake za mkato. Mwezi wa Juni mwaka wa 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia nchini. Kabla ya siku ile watu walifundishwa kuandika nyota, alama ya reli, sifuri, sita, kisha alama ya reli. Yaani *#06#. Papo hapo simu ilionyesha namba yake ya utambulisho, yenye tarakimu 15. Mvuvi, mama lishe, dereva wa bodaboda, wote waliijua. Hiyo ilikuwa njia ya mkato ya kuingia ndani ya mashine, na taifa zima lilijifunza kwa siku chache, kwa kuambizana tu. Andika namba hiyo ya simu yako daftarini. Simu ikiibiwa, itakufaa polisi.

Na tangu mwaka wa 2012 simu nyingi za Android zina ubao mdogo wa juu. Vuta kidole kutoka juu ya kioo kuja chini, mara moja au mbili. Utaona alama za intaneti, mwanga, tochi na nyinginezo. Ukibonyeza alama moja na kuishika bila kuachia, mara nyingi chumba cha mipangilio ya jambo hilo hufunguka. Ile alama ya gurudumu lenye meno ndiyo mlango wa Mipangilio yote.

TUJARIBU PAMOJA

Sasa wenye kompyuta ya Windows 10 au 11 wasogee. Kiongozi asome polepole, mwanafunzi mmoja abonyeze, wengine watazame. Kisha mpeane zamu.

Kwanza, shika batani ya dirisha, bonyeza I. Mipangilio yafunguka.

Pili, bonyeza batani ya dirisha peke yake, uachie, kisha andika jina la kitu unachokitaka. Mashine yakitafuta.

Tatu, shika batani ya dirisha, bonyeza X. Yatokea orodha ya milango ya mafundi. Itazame tu leo, usiguse.

Nne, shika batani ya dirisha, bonyeza U. Hiki ni chumba cha kuwasaidia wenye macho hafifu, wasiosikia vizuri, au wenye mikono mizito.

Tano, shika batani ya dirisha, bonyeza alama ya kujumlisha. Maandishi yakuzwa kama kwa kioo cha kukuzia. Ukitaka kuacha, shika batani ya dirisha, bonyeza Esc.

Hizi mbili za mwisho msizipuuze, wazee wangu. Kwa kijana njia ya mkato ni kuokoa dakika. Kwa asiyeona, asiyeweza kuiona alama ya mausi, batani ndiyo njia yenyewe. Nanyi mnaosogeza daftari mbali mkisoma, mnajua ninasema nini.

HARAKA NA BARAKA

Kabla hatujamaliza, neno la kuonya. Njia ya mkato ni njema kwa ajuaye aendako. Asiyejua hupotea upesi zaidi. Yule kijana wa kibanda alijua njia ya mkato, tena sana. Aliifuta simu ya mama kwa dakika moja. Alichokosa ni kuuliza kwanza.

Kwa hiyo shika kanuni tatu. Usibadili jambo kabla ya kuandika daftarini lilivyokuwa. Badili jambo moja, utazame, ndipo ubadili la pili. Na ukiona maneno ya kufuta au kuondoa vyote, ondoa mkono, uulize. Kuuliza si ujinga.

Na ukimpa mtu simu yako aitengeneze, mwambie hivi: "Mwanangu, nifanyie mbele ya macho yangu, polepole, nami nitaandika." Fundi mwema hatakasirika. Lipa kazi yake, maana kazi ni kazi. Lakini ugonjwa ule ule usiulipie mara mbili.

Mwaka wa 1934 mtoto mmoja wa Butiama, mwenye umri wa miaka 12, alitembea maili 26 hivi kuja kuanza shule Mwisenge, hapa Musoma. Mnamjua, ni Julius Nyerere. Kwa safari ile hakukuwa na njia ya mkato, aliikanyaga yote. Nawaambia hivyo msije mkadhani somo hili lasema elimu ina mkato. Elimu haina mkato wala haina mwisho. Chenye mkato ni ile safari ya kwenda mlangoni, ili nguvu zako zibaki kwa kazi iliyo ndani.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Mipangilio: mahali pa kubadili namna mashine ifanyavyo kazi.
Njia ya mkato: batani chache au mguso mmoja unaofikisha upesi.
Kibodi: ubao wenye batani za herufi.
Amri: neno au batani inayoiagiza mashine.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini vifundo vya redio vipo nje, lakini vya kompyuta viliwekwa ndani?
2. Mwaka wa 1974 yalitokea mambo mawili tuliyoyataja. Ni yapi? Ninyi mngeamua nini?
3. Taja jambo moja katika simu yako ambalo umekuwa ukimlipa mtu akufanyie. Je, darasa laweza kukuonyesha?
4. Kila mtu amfundishe jirani mmoja njia moja ya mkato kabla ya somo lijalo. Aandike jina la njia hiyo na siku aliyoifundisha.

Yule mama wa dagaa nilikutana naye tena baadaye. Alinionyesha daftari la kurasa nne, lenye namba za wateja wake, zimeandikwa upya kwa mkono, moja baada ya moja. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika: "Mlio: vuta chini, gusa kengele." Sikuwa na la kumfundisha siku ile.

Kwaherini, ndugu wanakisomo. Tukutane tena katika somo lijalo, nanyi mje na majibu.